Nilimpima Wifi Yangu kwa Uzi wa Juya

Nimekosa. Naanza na hilo ili usipoteze muda kunitafutia udhuru, maana najua wapo watakaosoma haya waseme maskini, alikuwa na uchungu wake. Uchungu nilikuwa nao, ni kweli. Lakini nilichokifanya nilikifanya nikiwa na akili zangu timamu, nimeshiba, nimekaa mkekani mchana kweupe mbele ya wanawake wenzangu kumi na kitu.

Jina langu silisemi. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Ukiwa wa kisiwa cha Mafia na ukanijua, basi umenijua, na ukinikuta sokoni Kilindoni usinipe pole. Sizitaki.

Nina mdogo wangu wa kiume, nitamwita Athumani. Mama yetu alifariki Athumani akiwa hajaota meno ya mbele ya ukubwani, nikamlea mimi. Nilimpikia, nilimfulia, nilimpeleka chuoni akajifunze Kurani. Nilipoolewa Miburani nilihama naye. Kwake mimi nilikuwa dada na nilikuwa mama, na nikisema jambo, limekwisha.

Sasa sikiliza chuki ilikotoka.

Mume wangu alikuwa na juya. Juya ni wavu mrefu wa kukokota, hukomba kila kitu, wakubwa kwa wadogo, mpaka matumbawe yanang'oka. Hifadhi ya bahari ilipokuja kwetu juya likapigwa marufuku. Wengine walisalimisha yao. Mume wangu alilificha nyuma ya jiko, chini ya makuti, akawa anatoka nalo kwa kuvizia. Mimi ndiye niliyekuwa namshonea likichanika.

Siku moja asubuhi likaja kundi la watu wa doria uani kwetu, na mbele yao mzee mmoja wa kijiji cha Kiegeani, mjumbe wa kamati iliyokubali kanuni za hifadhi. Nimwite Bwana Makame. Alinisalimia vizuri kabisa, kisha akanyoosha kidole kwenye makuti, akasema, "Lipo hapo." Wakalivuta, wakalipakia, tukasikia baadaye limechomwa moto pamoja na mengine.

Wiki nzima mume wangu hakwenda pwani. Kisha akaniambia, "Mama Rehema, tulikatazwa, tukafanya. Yameisha hayo." Akaenda kufua nazi kwenye mashamba ya watu. Kwake yaliisha. Kwangu hayakuisha, maana kile kidole nilikuwa nakiona hata nikipepeta mchele. Nyumbani kilibaki kidonge kimoja cha uzi wa kushonea juya, nikakiweka kwenye sanduku langu la nguo.

Haikupita miaka miwili, Athumani akanijia. Wakati huo alikuwa anafanya kazi kwenye hoteli moja ya wageni huko Ghuba ya Chole, anawapeleka na boti kuzamia. Akakaa kwenye kigoda, akachekacheka, akasema amepata mchumba.

"Wa wapi?" nikamuuliza.

"Kiegeani. Zuhura, binti wa Bwana Makame."

Nilikuwa nakuna nazi. Niliendelea kukuna mpaka nikakikuna kidole changu.

Sikumkataza. Hapo ndipo ujue mimi ni mtu wa namna gani. Mwenye chuki ya wazi angepiga kelele, watu wangemtuliza, maisha yangeendelea. Mimi nilisema, "Kheri, mdogo wangu." Posa ikapelekwa, mahari ikatolewa, siku ikapangwa.

Kwetu nguo za bibi harusi hutoka kwa bwana harusi. Zamani ilikuwa kanga, vitenge, viatu na manukato kwenye sanduku, basi. Lakini Athumani alikuwa ameshawaona wageni na picha zao, akataka Zuhura avae gauni jeupe refu na shela. Gauni la namna hiyo Kilindoni halikuwepo. Kwa wale Wahindi wenye maduka pale ungepata kitambaa na lesi, gauni lenyewe mpaka Dar es Salaam, Kariakoo. Na wa kwenda kulinunua ni nani? Dada wa bwana harusi. Mimi. Nivuke bahari, nipande basi kutoka Nyamisati, nizunguke na jua la Kariakoo nikimtafutia nguo nzuri binti wa mwenye kile kidole.

Zuhura mwenyewe asingeweza kwenda, alikuwa ameshawekwa ndani. Mwali akiwekwa ndani hatoki, hafanyi kazi, haoni jua. Anasuguliwa kwa liwa na manjano, na analishwa. Uji wa maziwa asubuhi, mayai, supu ya kuku, wali wa nazi, tende kila saa, mpaka shingo ing'ae na mashavu yajae. Kila mwanamke wa kwetu aliyeolewa kwa heshima amepita hapo. Nami nilipita, nilitoka mle mume wangu akaniuliza kama ni mimi.

Shika hilo la kulishwa, tutalirudia.

Basi nikaenda Kiegeani kuchukua vipimo. Mama yangu alinifundisha kupima kwa uzi, si kwa futi kamba. Uzi mmoja tu: fundo moja kifua, mafundo mawili kiuno, matatu nyonga, manne urefu mpaka kwenye kifundo cha mguu. Ukifika dukani unalaza uzi juu ya gauni, wala hubishani na mwenye duka. Nikafungua sanduku, nikakata uzi kwenye kile kidonge cha juya. Uzi wa nyavu haunyumbuki, ndiyo sababu niliyojiambia.

Zuhura alikuwa amekaa kitandani, kajifunga kanga mbili, uso una liwa. Akainuka.

"Shikamoo, wifi."

Niliiacha hiyo shikamoo ikae hewani, nikapanga mkoba wangu, nikavua ushungi, ndipo nikasema marahaba.

Alikuwa msichana wa maneno machache lakini mwenye jicho la nguo. Alikuwa anajishonea mwenyewe kwa cherehani cha shangazi yake. Akaniambia kwa adabu, "Wifi, ukiliona lenye mikono ya lesi mpaka hapa kwenye kiwiko, nitashukuru. Na mkia usiwe mrefu, hapa kwetu ni mchanga mtupu, utaburura takataka zote za Kiegeani." Akacheka. Mimi sikucheka.

Aliyekuwa akimtunza ni mama yake mdogo, Bi Salma. Nilipofika kiunoni Bi Salma akasema, "Hapo ongeza vidole viwili, mama. Huyu ndiyo kwanza ameingia, bado tutamlisha mwezi mzima."

"Naam," nikasema. Nikavuta uzi mpaka Zuhura akashusha pumzi, nikafunga mafundo mawili palepale kwenye ngozi. Vidole viwili sikuongeza.

Wakati ule nilichotaka kilikuwa kidogo. Nilitaka gauni limbane. Nilitaka siku ya harusi zipu ikatae, mbele ya mama yake na shangazi zake, na Bwana Makame asikie nje vicheko vya wanawake. Hilo peke yake lilikuwa uchafu wa kutosha. Laiti ningeishia hapo!

Bahari ikachafuka. Mashua za Nyamisati zikasimama, safari yangu ikasogezwa, wiki ikawa tatu. Bi Salma, kwa nia njema yake, akanitumia salamu: kwa kuwa sijasafiri bado, nirudi nimpime tena mwali, maana ameshanawiri. Nikarudi.

Nilipoingia Zuhura alikuwa ameletewa chakula sasa hivi, sahani imejaa wali na samaki, moshi unatoka. Akaiweka pembeni kwa ajili yangu, akasimama. Nikapitisha uzi kiunoni. Ncha ya uzi haikuyafikia yale mafundo mawili. Ilipelea vidole viwili, sawasawa na alivyosema Bi Salma, utadhani alikuwa amepiga ramli.

Bi Salma akafurahi. "Unaona? Alhamdulillah, chakula kinakaa." Zuhura akajipapasa tumbo, akaona haya.

Nikaviringisha uzi nikautia kwenye mkoba. Njiani kurudi Miburani nikawa naushika kila baada ya hatua chache.

Siku mbili baadaye wanawake wa upande wetu walikuja kwangu kuchambua mchele wa harusi. Tumekaa mkekani, sinia katikati, maneno na vicheko. Jirani yangu mmoja akauliza, "Haya wifi mtu, gauni umeshanunua?"

Nikasema, "Sijui hata ninunue la saizi gani."

"Kwa nini?"

Nikautoa uzi. Nikaunyoosha juu ya sinia, juu ya mchele, wote wauone. Nikasema, "Nimempima mara mbili. Wiki tatu tu katikati. Mara ya pili uzi haukufika kwenye mafundo ya kiuno."

Mikono ikasimama kwenye sinia.

Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Si wanamlisha?"

Na mimi nikajibu, "Mimi niliikuta sahani yake imejaa. Hajagusa hata tonge."

Hayo ndiyo maneno yangu yote. Yachunguze. Uzi haukufika, ni kweli. Sahani ilikuwa imejaa, ni kweli. Mimba sikuitaja mimi, hata siku moja. Nilisema vitu viwili vya kweli, nikanyamaza, nikaacha wenzangu wamalize.

Na wao wakamaliza. Nawasema na wao pia, kwa nini niwafiche? Wote waliokaa pale walikuwa wamewekwa ndani enzi zao, wakalishwa, wakatoka wamejaa. Wote walijua. Aliyeuliza mara moja hakuuliza mara ya pili. Utamu wa neno uliwazidi, wakaanza kuaga mmoja mmoja mchele ukiwa haujaisha kuchambuliwa, kila mtu ana jirani yake anayemkimbilia.

Kesho yake Athumani alikuja kutoka Chole. Hakukaa.

"Dada, ni kweli uzi haukufika?"

"Haukufika."

"Ulipima vizuri?"

"Mimi nimekulea. Nikupimie vibaya kwa nini?"

Wanaume hawaingii kule ndani, hawajui mwali anafanywa nini. Wao huona ameingia mwembamba, ametoka bibi harusi. Alisimama pale mlangoni akaniangalia, akitafuta kitu usoni kwangu. Ningesema neno moja tu, kwamba analishwa, kila mwali hulishwa, angepiga magoti ashukuru. Nikainama nikachochea moto.

Akavunja uchumba. Mama yake Zuhura alituma watu kuomba binti akaguliwe na mkunga yeyote tutakayemchagua sisi. Athumani kwa aibu alijificha hotelini kwake asionane nao, na mimi niliyepokea ujumbe sikuufikisha.

Bwana Makame alirudisha kila kitu mwenyewe. Alikuja mpaka uani kwangu, akaliweka chini sanduku la mahari na zawadi, pale pale aliposimama siku ya juya. Nilijiandaa kwa matusi, hata majibu nilikuwa nayo. Hakutukana.

Akasema, "Juya lako nilikuja kulichukua mchana, mbele ya watu, nikakwambia nalichukua. Wewe kwangu umekuja na shikamoo ukaipokea." Akaondoka. Mume wangu alisikia yote akiwa ndani. Siku ile hakula nilichopika.

Unajua tumbo la mimba halifichiki, na lisilokuwepo pia halifichiki. Miezi ikahesabiwa Kiegeani, ikahesabiwa Miburani, ikahesabiwa Kilindoni. Zuhura hakutoroshwa kwa ndugu wa mbali kama watu walivyotabiri. Alipita sokoni kila wiki, kanga kiunoni, amekonda mpaka mifupa ya shingo inaonekana. Mwezi wa tano, wa saba, wa tisa. Wa kumi watu wakaacha kuhesabu, wakaanza kusema wao hawakuamini tangu mwanzo.

Athumani alikuja siku hiyo hiyo ambayo mimi pia nilikuwa nimemaliza kuhesabu.

"Nipe ule uzi."

Nikampa. Bado ulikuwa na mafundo yake. Akauzungusha vidoleni.

"Mke wa rafiki yangu kaniambia mwali hulishwa. Hulishwa?"

"Hulishwa."

"Ulikuwa unajua?"

Nilitaka kumwambia habari za kile kidole, za makuti, za baba yake Rehema kufua nazi za watu. Nikasema, "Nilikuwa najua."

Akauweka uzi juu ya kinu, taratibu. Alikuwa ametokea Kiegeani. Alikwenda kumwomba Zuhura amrudie, na Zuhura akamjibu kwa nyuma ya mlango kwamba hawezi kuolewa na mtu ambaye kila neno la ndani litapimwa kwanza kwa dada yake. Wiki ile ile akaondoka Mafia. Yuko Tanga mpaka leo, ameoa, ana watoto. Watoto wake siwajui sura. Sikukuu humpigia simu shemeji yake, wakaongea, wakacheka. Nikisogea karibu nasikia mume wangu anasema, "Haya, basi, salamu kwa wote."

Na Zuhura? Akabaki na cherehani cha shangazi yake. Bwana Makame alifariki bila kumwona binti yake amevaa nyeupe. Zuhura akahamia Kilindoni, akaanza kushona magauni ya harusi, na hivi leo Mafia nzima haendi mtu Kariakoo tena. Mikono ya lesi mpaka kwenye kiwiko, mkia usioburura mchanga. Hilo gauni alilonielekeza mimi amewashonea wenzake sijui wangapi.

Mwaka huu Rehema wangu ameposwa. Wakati wa juya alikuwa ananyonya, wakati wa uzi alikuwa anajifunza kusema. Hajui lolote. Akaniambia, "Mama, mimi fundi namtaka Bi Zuhura tu. Wifi zangu wameshakubali, wakienda kununua kitambaa lazima waende na vipimo alivyochukua yeye." Nilimtajia mafundi wengine watatu. Akaniuliza wana nini cha kumzidi Bi Zuhura.

Tulikwenda. Nilimwacha Rehema kwenye duka la vitambaa akitazama lesi, nikatangulia peke yangu.

Alikuwa ameinamia cherehani. Aliinua macho, akanitambua, akakata uzi kwa meno. Yeye mdogo, mimi mkubwa, nilisubiri shikamoo. Haikuja.

"Sema shida yako," akasema.

"Zuhura, nimekuja kukuomba radhi. Nilikukosea mimi, nilikudhulumu, na—"

"Hiyo rudi nayo."

"Nilikuwa na hasira na baba—"

"Baba yangu usimtaje humu." Hakupandisha sauti. "Miaka yote hii nyumba yangu unaijua. Umekuja leo kwa kuwa una shida ya gauni. Kusamehe sijakusamehe, na usinitumie watu wa kunibembeleza. Kazi nafanya. Mwali yuko wapi?"

Rehema aliingia akicheka, akasema, "Shikamoo Bi Zuhura." Akajibiwa marahaba palepale, kwa upole, na akashikwa bega akasimamishwa kwenye mwanga. Zuhura akatoa futi kamba. Kifua, akaandika kwenye daftari. Kiuno. Alipozungusha pale kiunoni nikasogea hatua moja mbele. Alikuwa na mwanangu mikononi. Neno moja tu akitaka kulisema mbele ya wateja wake, hata nusu neno, hata kukunja uso tu, na mimi ningekuwa sina wa kumshitaki.

Akaandika. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayezungumza na mteja, "Kiunoni nimeongeza vidole viwili. Ukiwekwa ndani watakulisha, utanawiri. Hilo kila mwanamke wa kwetu analijua."

Hakuniangalia. Akaendelea na nyonga.

Rehema akasema, "Mama, mbona unalia? Hata harusi bado." Nikamwambia ni vumbi la vitambaa.

Tuliporudi alimpigia simu mjomba wake Tanga, kama alivyozoea, kumweleza mipango. Akaweka sauti ya juu, sijui kwa bahati mbaya au vipi. Nilikuwa jikoni, nikasikia yote. Athumani alimtakia kheri, akasema atatuma zawadi, ila kuja hataweza. Kisha akauliza kitu kimoja.

"Gauni umepimwa na nani?"

"Bi Zuhura wa Kilindoni, mjomba."

"Mjomba, upo?" Rehema akauliza.

"Basi litakukaa vizuri," akasema. Habari zangu hakuuliza.

Ule uzi bado ninao. Nimeutoa sandukuni leo nikauweka hapa mbele yangu wakati naandika, mafundo yake yamekaza, sikuweza kuyafungua hata moja. Wewe unayekwenda kesho kumpima mwali wa watu, na una lako moyoni na baba yake, au mama yake, au yeye mwenyewe, usiende. Sema unaumwa, wamtume mwingine. Na wewe uliyekaa mkekani unasikia habari ya mwenzako na unaujua ukweli wake, fungua mdomo, useme analishwa.